Kupika jua ndani ya sufuria: jibu langu kwa mdogo wangu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza iko wapi. Itakuja, msife moyo. Leo nina deni lingine linaloniuma zaidi, nikaona nililipe hapa hapa mbele yenu.

Deni lenyewe ni la mdogo wangu. Alifanya mtihani wa kidato cha nne, matokeo yakaja mazuri kuliko yangu ya wakati ule (msimwambie nimekiri), na sasa ana siku chache za kuchagua kozi za chuo kikuu. Mama anataka asome uuguzi, kwa sababu binti wa jirani alisoma uuguzi na sasa anawajengea wazazi wake nyumba. Yeye mwenyewe anataka fizikia ama uhandisi.

Nilipokwenda nyumbani mwezi uliopita, stima ilipotea tukiwa mezani. Tukawasha taa ya simu, tukaendelea kula. Hapo gizani mdogo wangu akasema, "Kaka, mimi nataka kusomea ile mitambo ya kutengeneza stima kama jua linavyofanya. Myeyungano wa nyuklia."

Nilicheka. Nikamwambia hiyo ni hadithi ya paukwa pakawa, kwamba watu wamekuwa wakisema "bado miaka thelathini" tangu babu yetu akiwa kijana, na kwamba mtu anayekaa gizani afikirie kwanza bei ya mishumaa. Nilijiona mjanja sana. Yeye akanyamaza. Wiki moja baadaye Mama akanipigia simu kwa furaha kuniambia kijana amekubali uuguzi, na eti ni mimi niliyemsaidia kufungua macho.

Jamani, sikulala vizuri. Nina shahada ya kompyuta, lakini kuhusu mitambo hiyo nilikuwa najua vichwa vya habari tu. Nilimkatisha tamaa mtoto kwa jambo nisilolijua. Na kwa kuwa nimeahidi kumlipia sehemu ya karo, ushauri wangu una uzito kuliko unavyostahili. Basi nimetumia jioni zangu za wiki tatu kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, halafu mwisho nitawaambia nilimjibu nini.

Tuanze mwanzo. Mitambo ya nyuklia inayotoa umeme duniani sasa hupasua viini vya atomi nzito kama urani. Myeyungano ni kinyume chake. Unachukua viini vyepesi sana vya hidrojeni, unavigonganisha mpaka vinashikana na kuwa heliamu, na nishati inatoka. Shida ni kwamba viini vyote vina chaji chanya, kwa hiyo vinasukumana kama ncha mbili za sumaku zinazofanana. Ili vigusane lazima viwe na kasi ya ajabu, na kasi ya chembe ndiyo sisi tunaiita joto.

Fueli iliyo rahisi kuliko zote ni mchanganyiko wa ndugu wawili wa hidrojeni: deutiriamu na tritiamu. Vikishikana unapata kiini cha heliamu na nyutroni moja inayokimbia. Hiyo nyutroni inaondoka na asilimia 80 ya nishati yote. Ikumbukeni, itatusumbua baadaye.

Deutiriamu si tatizo. Katika kila mita moja ya ujazo ya maji kuna takriban gramu 33. Ukisimama ufukweni Mombasa unaangalia fueli ya miaka mingi sana. Tritiamu ndiyo adimu. Ni ya mnururisho, na kila baada ya miaka 12.3 nusu yake inakuwa imepotea yenyewe, hivyo huwezi kuichimba popote wala kuiweka akiba milele.

Sasa joto. Katikati ya jua ni nyuzi milioni 15 hivi. Mtambo mkubwa unaojengwa Ufaransa, uitwao ITER, unatakiwa ufike milioni 150. Nilipoona hapo nikadhani nimesoma vibaya. Kwa nini tulishinde jua mara kumi? Kumbe jua ni jiko la polepole sana. Katikati yake, kila mita moja ya ujazo inatoa chini ya wati 300 tu, kiasi kinacholingana na lundo la mboji shambani. Linang'aa kwa sababu ni kubwa mno, na uzito wake wenyewe ndio unaobana fueli. Sisi hatuna uzito huo, na hatuwezi kungoja. Kwa hiyo tunalipia kwa joto.

Kwa joto hilo hidrojeni si gesi tena. Elektroni zimeachana na viini na kila kitu kina chaji. Hali hiyo inaitwa plazma. Hakuna sufuria ya chuma ya kuishika. Lakini kwa kuwa ina chaji, sumaku inaweza kuiongoza. Warusi walilipata wazo zuri miaka ya 1950, Igor Tamm na Andrei Sakharov wakiwa miongoni mwao: chukua chumba chenye umbo la mandazi yenye tundu katikati, kizungushie koili za sumaku, kisha pitisha mkondo wa umeme ndani ya plazma yenyewe. Sumaku mbili zinajumlishwa na kufanya mistari inayojisokota kama kamba, na plazma inazunguka humo bila kugusa ukuta. Wakaiita tokamaki.

Kuna kisa hapa kilichonifurahisha. Mwaka 1968 Warusi walitangaza kwamba mtambo wao wa T-3 umefikia joto ambalo wenzao wa nchi za Magharibi hawakuliamini. Wakati huo vita baridi imepamba moto. Wakafanya nini? Wakawaalika Waingereza waje Moscow na vipimo vyao wenyewe vya leza. Mwaka 1969 Waingereza wakapima, wakakuta Warusi wamesema kweli. Baada ya hapo karibu kila maabara kubwa ikaanza kujenga tokamaki. Kwa sisi tunaoandika programu, hilo ndilo somo la kwanza: mwache mwenzako ajaribu kazi yako kwa vifaa vyake.

Turudi ITER. Uko Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa. Wazo lilizaliwa mwaka 1985 Gorbachev na Reagan walipokutana Geneva, na mkataba ukatiwa saini mwaka 2006. Washirika ni Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Ukisikia kwamba hawa wote bado wanaleta vipande vya mashine moja, unajua kuna kitu kinawashika pamoja.

Tuangalie uhandisi wenyewe, maana hapa ndipo kiburi changu kilipovunjika. Ndani ya plazma ni milioni 150. Mita chache pembeni kuna sumaku ambazo lazima ziwe nyuzi 269 chini ya sifuri, zikipozwa kwa heliamu ya maji maji. Sababu ni kwamba waya wa kawaida wa shaba ungekula umeme mwingi na kuwaka moto. Wao wanatumia waya wa niobi na bati, ambao ukipozwa kiasi hicho hupitisha mkondo bila ukinzani wowote. Kwa hiyo unajenga tanuri na jokofu kali ndani ya nyumba moja, na katikati yake unaweka ombwe na ngao ili wasisalimiane.

Waya huo nao una tabia zake. Baada ya kuokwa kwa nyuzi 650 hivi ili ufanye kazi, unakuwa mwepesi kuvunjika kama kioo. Hivyo unaukunja kwanza ukiwa mpole, halafu unauoka ukiwa tayari katika umbo lake, na ukikosea kipimo huwezi kuukunja upya. Koili kuu ziko 18, kila moja ina urefu wa mita 17 na uzito wa zaidi ya tani 300. Nyuzi za waya zilizoingia humo zinapita kilomita 100,000. Zilitengenezwa Ulaya na Japani, na zote zimekwisha kufika. Mimi nikiambiwa programu haina nafasi ya kurudi nyuma baada ya kuisakinisha, ninatetemeka. Hawa wamefanya hivyo kwa chuma.

Tatizo la pili ni majivu. Heliamu iliyotoka lazima iondolewe, la sivyo inazima moto. Chini ya chumba kuna sehemu ya kufyonza, kama bomba la moshi, na sehemu hiyo inapigwa na joto la megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na kwa vipindi vifupi hata 20. Wamechagua tungsteni, metali inayoyeyuka kwa nyuzi 3,422, na nyuma yake wanapitisha maji. Mwanzoni ukuta wa ndani ulikuwa uwe wa beriliamu, lakini wakabadilisha uwe tungsteni pia. Fikiria kubadilisha kitu kikubwa kama hicho wakati nyumba imekwisha kupanda.

Tatizo la tatu ni ile nyutroni. Haina chaji, kwa hiyo sumaku haiioni. Inapita moja kwa moja na kuugonga ukuta. Huo ndio uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba inaleta joto nje ya plazma, na joto hilo ndilo litakalochemsha maji, maji yawe mvuke, mvuke uzungushe tabo. Naam, baada ya kelele zote hizo, mwisho wa safari ni kuchemsha maji! Ubaya ni kwamba inasukuma atomi za chuma kutoka mahali pake, chuma kinachoka na kinakuwa na mnururisho.

Lakini nyutroni hiyo hiyo ina kazi moja zaidi. Ikigonga lithiamu, inazaa tritiamu mpya. Kwa hiyo mtambo wa biashara utalazimika kuvalishwa blanketi la lithiamu na kujizalishia fueli yake. Mtambo wa megawati 1,000 za joto la myeyungano ungekula takriban kilo 56 za tritiamu kwa mwaka, ilhali akiba ya dunia nzima ya kutumika ni makumi machache ya kilo. Usipozaa zaidi ya unachokula, umekwisha. Na mpaka leo hakuna aliyewahi kuendesha blanketi kamili la namna hiyo katika mtambo unaofanya kazi. ITER utajaribu vipande vidogo tu. Kwangu mimi hili ndilo swali gumu kuliko joto lenyewe.

Sasa nije kwenye shamba langu, yaani programu. Na hapa lazima nitubu kitu.

Miaka miwili iliyopita nilimwandikia mteja mmoja, mfugaji, programu ya kuangalia tangi la kupozea maziwa. Ilikuwa kazi rahisi: pima joto kila dakika, likipanda washa kipozeo, tuma ujumbe mfupi. Usiku mmoja stima ikapotea na kurudi. Programu yangu ikaamka kabla ya kipimajoto kuwa tayari, ikaomba jibu, jibu halikuja, ikabaki inangoja mpaka asubuhi. Lita 400 zikachacha. Yule mzee hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani kijana, hukufikiria kwamba stima itapotea?" Nililipa maziwa yale kwa awamu tatu. Mpaka leo sijawahi kumsimulia mtu, hata Mama.

Basi soma hili ukijua hilo. Plazma ya tokamaki ya kisasa huvutwa iwe ndefu kwenda juu, kwa sababu umbo hilo hushika joto vizuri zaidi. Lakini likiwa hivyo, plazma haitulii. Ni kama kusimamisha ufagio juu ya kidole. Ukiiacha kidogo inapaa ama inaporomoka. Kwa hiyo kompyuta inapima, inaamua, inarekebisha sumaku, na kupima tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Huko Lausanne, Uswisi, kuna tokamaki iitwayo TCV yenye koili 19 za kurekebisha. Mwaka 2022 watafiti wa pale pamoja na DeepMind walichapisha kazi ambayo programu iliyojifunza yenyewe ndani ya kielelezo cha kompyuta ilipewa usukani wa koili zote 19, ikatoa amri mara 10,000 kwa sekunde, na plazma ikatii. Mimi nilishindwa na mara moja kwa dakika.

Na ikishindwa? Hapo ndipo nilipojifunza. Plazma ikivunjika ghafla, joto lake lote linamwagika ukutani katika muda wa milisekunde, na mkondo wa umeme unaopotea unatikisa chombo kizima. Katika ITER mkondo huo utafika ampea milioni 15. Wahandisi hawakusema "tutahakikisha haitokei". Wamesema itatokea, kisha wakaunda mizinga inayofyatua vipande vya hidrojeni na neoni iliyogandishwa ndani ya plazma, ili joto litawanyike kama mwanga pande zote badala ya kuchoma mahali pamoja. Wamepanga kushindwa kabla ya kupanga kufaulu. Lile swali la mzee wa maziwa, wao walijiuliza kwanza.

Niongeze kwamba mtambo huo hauwezi kulipuka kwa namna ile watu wanayoihofia. Fueli iliyomo ndani kwa wakati mmoja ni gramu chache tu. Ukikosea lolote, moto unazimika. Lakini tusidanganyane kwamba ni safi kabisa: tritiamu ni ya mnururisho na huvuja kirahisi, na chuma kilichopigwa na nyutroni kitahitaji kutunzwa kwa miaka mingi.

Na wapenzi wa programu huria mtafurahi: mfumo wa kuendesha ITER umejengwa juu ya Linux na EPICS, programu huria iliyoanzia katika maabara za Marekani. Unaweza kuipakua leo usiku kwenye kompyuta yako hiyo hiyo na kuisoma.

Sasa tuhesabu, maana mdogo wangu hapendi maneno matupu. Tutumie yuniti za stima, zile unazonunua kwa simu. Yuniti moja ni megajuli 3.6.

Mtambo wa JET kule Culham, Uingereza, uliowashwa mwaka 1983, ulitoa megawati 16 za myeyungano mwaka 1997, huku ukiingiziwa joto la megawati 24. Mwaka 2021 ukatoa megajuli 59 katika sekunde tano. Mwaka 2023, kabla ya kufungwa Desemba, ukatoa megajuli 69. Hizo ni yuniti 19 hivi. Labda unacheka, kwamba kumbe ni stima ya siku chache tu za nyumba moja. Lakini fueli iliyotumika ilikuwa miligramu 0.2. Hiyo huwezi hata kuiona kwenye kucha.

Halafu kuna NIF huko California, ambao hautumii sumaku bali leza 192. Tarehe 5 Desemba 2022 leza ziliingiza megajuli 2.05, na zikatoka 3.15. Magazeti yakaandika kwamba binadamu amepata nishati ya bure. Ni kweli kwamba kilichotoka kilizidi mwanga ulioingia, na ni jambo kubwa sana kisayansi. Ila leza zenyewe zilivuta megajuli 300 hivi kutoka kwenye gridi. Yaani walitumia yuniti 83 wakapata chini ya moja. Mwenye nyumba wako hangefurahi.

ITER nao unalenga megawati 500 kwa kuingiza joto la megawati 50. Mara kumi! Lakini ni joto dhidi ya joto, si umeme dhidi ya umeme. Hautaunganishwa na gridi hata siku moja. Ni mtambo wa majaribio. Na umechelewa. Plazma ya kwanza iliwahi kupangiwa mwaka 2016, kisha 2020, kisha 2025. Walikuta nyufa kwenye mabomba ya ngao za joto, na kingo za vipande vya chumba hazikulingana sawasawa kwa ajili ya kuchomelewa. Kipande kilichokuwa kimekwisha kuteremshwa shimoni Mei 2022 kilitolewa tena Julai 2023 kikatengenezwe. Mwaka 2024 wakatangaza ratiba mpya: utafiti uanze 2034, na fueli halisi ya deutiriamu na tritiamu iingie 2039. Mdogo wangu atakuwa na zaidi ya miaka thelathini.

Kwa hiyo mzaha wangu wa "miaka thelathini" ulikuwa na ukweli ndani yake. Historia ina aibu zake pia. Mwaka 1958 Waingereza walitangaza kwamba mtambo wao ZETA umefaulu, baada ya miezi michache wakalazimika kukanusha. Mtu anayekuuzia ndoto hii bila kukuambia hayo, mkimbie.

Ila mzaha huo ulikuwa pia na uvivu. Haukuona kinachosonga. Septemba 2021, chuo cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walijaribu sumaku kubwa ya waya wa aina mpya, usiohitaji baridi kali kama ule wa ITER, ikafika tesla 20. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu katika tokamaki, ukiongeza nguvu ya sumaku mara mbili, nishati kwa kila mita ya ujazo inaweza kupanda mara 16. Basi mashine inaweza kuwa ndogo. Wanajenga mmoja uitwao SPARC huko Massachusetts. Kule Greifswald, Ujerumani, Wendelstein 7-X ulioanza mwaka 2015 una koili 50 zilizopindwa kwa maumbo ambayo hakuna fundi angeyabuni kwa mkono. Kompyuta ndiyo iliyoyakokotoa, na umbo lenyewe linaishika plazma bila kuhitaji mkondo mkubwa ndani yake. Na Februari 2025 mtambo wa WEST, jirani wa ITER, ulishika plazma kwa sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22, ingawa bila tritiamu.

Kisha nikakumbuka Olkaria. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke pale vilichimbwa miaka ya 1950. Umeme wa kwanza ulitoka mwaka 1981, megawati 15. Naamini kulikuwa na watu waliocheka wakisema pesa zinafukiwa ardhini. Leo mvuke wa ardhini ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya umeme wetu Kenya. Waliochimba visima vile vya mwanzo, wengi wao hawakuwasha taa kwa stima yake. Sisemi Olkaria na plazma ni kitu kimoja. Mvuke ulikuwepo tayari chini, na plazma lazima uipike mwenyewe. Nasema tu kwamba kuchelewa si ushahidi wa uongo.

Basi Jumamosi nikapanda matatu mpaka nyumbani. Nikamwomba mdogo wangu radhi mbele ya Mama. Nikamweleza yote haya kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na maziwa yaliyochacha, ambayo Mama alikuwa hayajui na alinitazama kwa muda mrefu.

Nikamwambia: usichague kozi kwa sababu mtu amekuahidi stima ya jua baada ya miaka kumi. Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo. Chagua kama unapenda maswali yenyewe: jinsi ya kuchomelea chuma kisipinde, kupoza waya, kuishi na nyutroni, kuandika programu isiyongoja jibu ambalo haliji. Uhandisi wa umeme ama wa mitambo utakufundisha mengi ya hayo, na hata mtambo wa myeyungano usipokuja, tabo za Olkaria zinahitaji mikono hiyo hiyo. Na kama moyo wako uko kwenye uuguzi, sio kwa sababu yangu, nenda nao. Kazi hiyo nayo haina nafasi ya kungoja.

Mama aliuliza swali lake, lile nililolitarajia: "Na itampa kazi?" Nikamjibu kweli: uuguzi ungempa haraka zaidi. Uhandisi utampa, lakini huenda akahangaika kwanza. Hakufurahi. Alisema atatuombea sote wawili, mimi hasa.

Mdogo wangu ameweka uhandisi wa umeme nafasi ya kwanza, fizikia ya pili, uuguzi ya tatu ili Mama apate usingizi. Aliponisindikiza stendi akaniuliza, "Kaka, na ile programu ya maziwa ulishairekebisha?"

Nilishairekebisha. Sasa ikikosa jibu kwa sekunde kumi inawasha kipozeo kwanza, ndipo inauliza maswali.

Haya, kama kuna mhandisi ama mwanafizikia kati yenu aliyeona nimekosea mahali, nirekebishe bila huruma. Wewe je, ungemshauri vipi? Tukutane tena kwenye sehemu ya pili ya hifadhidata. Safari hii naahidi kweli.